Viwimbi kumi katika mraba mmoja

Shangazi alilala chali kwenye kitanda chembamba, kifua kimebandikwa elektrodi sita, mikono na miguu imebanwa vibanio vya plastiki, na kiyoyozi kikimvumia usoni. "Bibi, legeza mabega," nesi alimwambia. "Mwanangu, nayalegezaje na baridi hii ya Makambako?" Mashine ikaguruma, karatasi ya rangi ya waridi ikaanza kutoka, nesi akaitazama na kuguna. Mstari uliotakiwa kuwa mwembamba kama uzi ulikuwa umeota manyoya.

Alimfunika kanga, akasubiri atulie, akapima upya. Manyoya yasiyo na mpangilio, yale ya misuli inayotetemeka kwa baridi, yaliondoka. Yaliyobaki yalikuwa na nidhamu ya ajabu. Nikavaa miwani ya kusomea, nikaisogeza karatasi karibu na dirisha, nikahesabu. Katika kila mraba mkubwa kulikuwa na viwimbi kumi. Nikahesabu mraba mwingine: kumi.

Karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, husogea milimita 25 kwa sekunde. Mraba mdogo ni milimita 1, sawa na sekunde 0.04, mraba mkubwa ni milimita 5, sawa na sekunde 0.2. Viwimbi kumi katika sekunde 0.2 ni viwimbi 50 kwa sekunde. Nambari hiyo sote tunaishi nayo: ndiyo mitikisiko ya umeme wa majumbani Tanzania, Kenya na Uganda, hezi 50. Kwa hiyo mashine ile ilikuwa inapima mapigo ya Shangazi na mapigo ya gridi ya taifa kwa pamoja, na kuyachora kwenye mstari mmoja.

Na si ajabu. Umeme wa moyo unaofika juu ya ngozi ni kama milivolti 1. Soketi iliyokuwa ukutani, nusu hatua kutoka kitandani, ina volti 230, zaidi ya mara laki mbili. Mwili wa binadamu na nyaya za mashine hunasa umeme huo bila kuguswa, kama antena inavyonasa redio. Kwenye soketi ile kulikuwa na chaja ya simu. Simu ilikuwa yangu.

Nilichomoa. Viwimbi vikapungua kimo, lakini vikabaki. Nesi akanionyesha kitufe cha chujio, kazi yake ni kuondoa uchafu huo huo wa umeme, na kilikuwa kimewashwa. "Ndiyo mashine yetu," alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea. Akaenda kumwita fundi wa vifaa tiba, nami nikabaki na karatasi mkononi na swali kichwani: mashine inajuaje lipi ni la moyo na lipi ni la ukuta?

Kabla ya kuuliza swali hilo, watu walikuwa na shida ya kuuona mstari wenyewe. Mwaka 1887, huko London, Augustus Waller alirekodi umeme wa moyo wa binadamu kwa kifaa cha zebaki, na baadaye akawa anawaonyesha wenzake kwa kumtumia mbwa wake, Jimmy, aliyesimama miguu ndani ya maji ya chumvi bila wasiwasi wowote. Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa kisiwani Java, alichoshwa na uzito wa zebaki kufuata mapigo. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika mji wa Leiden, aliunda kipimo cha uzi mwembamba mno uliosimamishwa kati ya ncha za sumaku. Kifaa kizima kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na kilihitaji watu watano kukiendesha. Mgonjwa aliketi mikono na mguu vikiwa ndani ya ndoo za maji ya chumvi. Herufi P, Q, R, S na T ambazo daktari anazitaja leo akisoma ECG ni zake, na mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel.

Niliyemtaka siku ile, hata hivyo, alikuwa mtu wa kuyatenganisha mawimbi, na kwa hilo heri nianzie baharini.

Mvuvi wa Nungwi au Kunduchi anajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Anajua pia kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa kupita kawaida na kukauka kupita kawaida. Katikati ya bamvua mbili huja maji mafu, bahari ikawa kama imechoka. Chanzo chake ni mawimbi mawili marefu yaliyopandana. La mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. La jua hurudi kila baada ya saa 12 kamili. Vilele vyao vikikutana, ni bamvua. Kilele cha moja kikiangukia kwenye bonde la jingine, ni maji mafu. Zile dakika 25 za kupishana ndizo zinazoyafanya yakutane tena kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi.

Aliyesimama ufukweni haoni mawimbi mawili. Anaona maji, na kwa kila saa maji yana kimo kimoja tu. Vivyo hivyo elektrodi kifuani mwa Shangazi: kwa kila nukta ya wakati inasoma nambari moja, ambayo ni jumla ya moyo, misuli, pumzi na gridi. Swali ni kama jumla hiyo inaweza kurudishwa ikawa vipande vyake.

Aliyesema inawezekana ni Joseph Fourier, mtoto wa fundi cherehani wa Auxerre, Ufaransa, aliyebaki yatima akiwa mdogo, akaja kufuatana na Napoleon hadi Misri mwaka 1798. Hakuwa na habari na moyo wala ubongo. Alikuwa akitafuta joto linavyosafiri ndani ya chuma. Mwaka 1807 alipeleka andiko Paris akidai kwamba mchoro wowote, hata wenye kona kali, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini ya masafa mbalimbali, kila moja kwa kipimo chake. Lagrange, mwanahisabati mkubwa wa enzi hizo, alikataa: vitu laini vikijumlishwa vitazaaje kona? Fourier alilazimika kusubiri hadi 1822 kitabu chake kilipotoka. Wazo lake lilirudi baharini katika miaka ya 1870, William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alipojenga mashine ya kapi na kamba iliyojumlisha mawimbi ya mwezi na jua na kutabiri kujaa na kupwa kwa maji bandarini.

Tatizo la Fourier ni jasho. Chukua sekunde 4 za kipimo kilichosomwa mara 256 kwa sekunde: unapata nambari 1,024. Kuzitafutia mawimbi yake kwa njia ya moja kwa moja kunataka kuzidisha zaidi ya mara milioni moja. Mwaka 1965 Wamarekani wawili, James Cooley na John Tukey, walichapisha njia ya mkato: gawa nambari mafungu mawili, kila fungu uligawe tena, na hesabu utakazokuta zinajirudia uzifanye mara moja tu. Milioni ikawa kama elfu kumi. Wazo lilimjia Tukey wakati Marekani ikitafuta namna ya kuyatambua majaribio ya mabomu ya nyuklia ya Wasovieti kwa mitetemo ya ardhi. Baadaye ikagundulika kwamba Gauss, Mjerumani, alikwishaifikiria njia hiyo karibu mwaka 1805 akipiga hesabu za njia za sayari ndogo, akaiacha ndani ya daftari kwa Kilatini. Gauss alikuwa na tabia hiyo, na imewaudhi wengi.

Mawimbi yakishatengana, kuchuja ni jambo la kuchagua. Unalitafuta la 50, unalizima, mengine unayajumlisha upya. Hiyo ndiyo kazi ya kile kitufe.

Ubongo ni mgumu kuliko moyo, kwa sababu unanong'ona. Umeme wake ukifika juu ya ngozi ya kichwa huwa na maikrovolti 10 hadi 100, sehemu moja ya kumi ya ule wa moyo au chini zaidi. Aliyeunasa kwa binadamu, Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani, aliingia kwenye kazi hiyo kwa mlango wa ajabu. Akiwa askari kijana alianguka kutoka kwenye farasi, nusura akanyagwe na gari la mzinga. Jioni ile ile alipata telegramu ya baba yake akiulizia hali yake, kwa kuwa dada yake huko nyumbani alikuwa ameshikwa na hofu kwamba kaka amepatwa na jambo. Berger akaamini kwamba mawazo husafiri, akatumia maisha yake kutafuta nguvu inayoyabeba. Alirekodi mara ya kwanza mwaka 1924, akakaa kimya miaka mitano akijishuku, akachapisha 1929. Alichokikuta ni wimbi la mitikisiko kama 10 kwa sekunde linalotokea mtu akifumba macho na kutoweka akiyafumbua. Akaliita alfa. Mwaka 1932 mwenzake, Dietsch, alichukua vipande vifupi vya karatasi hizo na kuvipigia hesabu za Fourier kwa mkono. Namwonea huruma hadi leo.

Hesabu hizo zina faida darasani kabla hata ya hospitalini. Yuko mtoto ambaye katikati ya somo hukodoa macho, akaganda sekunde kadhaa, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwalimu humwita mzembe. Mwaka 1935, huko Boston, kina Gibbs na Lennox walionyesha kwamba katika sekunde hizo ubongo wa baadhi ya watoto wa namna hiyo unatoa wimbi lenye ncha, mara 3 kwa sekunde, kwa utaratibu kama wa mtu anayetwanga. Ni aina ya kifafa isiyo na kuanguka wala povu. Daktari wa kifafa kwa kawaida hamkuti mgonjwa kwenye tukio. Anategemea masimulizi ya mama au jirani. Kipimo cha ubongo, EEG, ni shahidi mwingine, ingawa naye mara nyingi hufika tukio limekwisha.

Tena ni shahidi anayehitaji kugusana na ngozi ya kichwa. Kofia za elektrodi zilibuniwa kwa nywele laini. Nywele zetu nzito huziinua, jeli hukauka, na badala ya ubongo unapata hezi 50 tele. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walieleza elektrodi zinazobanwa chini ya misuko iliyolala kichwani, ile mistari ya moja kwa moja tunayoiita twende kilioni, ili msuko wenyewe uikandamize elektrodi kwenye ngozi. Msusi yeyote wa Kariakoo angewaambia hivyo bure.

Kuna kitu Fourier hakupi. Anakuambia mawimbi gani yamo ndani ya rekodi nzima; hakuambii yametokea saa ngapi. Kwa bahari inatosha, kwa kuwa mwezi hauchelewi. Ila kifafa cha sekunde tano ndani ya rekodi ya nusu saa humezwa kwenye jumla, kama kijiko cha chumvi kwenye pipa. Jibu lilitoka kwa watafuta mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mfaransa Jean Morlet, akichambua mwangwi wa ardhini kwa ajili ya kampuni ya mafuta, aliacha mawimbi yasiyo na mwisho akatumia viwimbi vifupi, vinavyoinuka na kufa. Kiwimbi hicho unakitembeza juu ya rekodi, ukikibana kusaka mambo ya haraka na kukinyoosha kusaka ya polepole, na kila mahali unauliza: hapa mnafanana? Ingrid Daubechies, mwaka 1988, akavipa viwimbi hivyo umbo ambalo kompyuta inaweza kulikokotoa kwa nambari chache.

Lakini hesabu ninayoipenda mimi haina makuu yote hayo. Mwaka 1985 Jiapu Pan na Willis Tompkins wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walihitaji mashine ndogo ijue moyo umepiga lini, papo hapo, kwa kompyuta dhaifu kuliko ya simu yoyote ya leo. Walifanya hivi. Kwanza walibakiza masafa ya hezi 5 hadi 15 tu, ambako ile ncha kali ya pigo huonekana vizuri. Pumzi ikabaki chini, gridi ikabaki juu. Pili walipima mteremko, yaani nambari hii imepanda kiasi gani kutoka iliyotangulia, kwa kuwa ncha ya pigo hupanda ghafla. Tatu walizidisha kila jibu kwa lenyewe: hasi zote zikawa chanya, kubwa zikawa kubwa zaidi, ndogo zikasinyaa. Nne wakachukua wastani wa dirisha la milisekunde 150, ncha zikawa vilima. Kilichobaki ni mlinzi wa kusema kilima hiki ni pigo, hiki si pigo.

Mlinzi huyo ndiye uhondo wa kazi yote. Hana kipimo cha kudumu cha urefu. Kila pigo jipya likikubaliwa, anarekebisha matarajio yake: sehemu moja ya nane anaichukua kwa mgeni, sehemu saba za nane anabaki na kumbukumbu yake. Hivyo mgonjwa akigeuka na mapigo yakafifia, mlinzi hujishusha polepole, wala hashtuki kwa pigo moja la ajabu. Pigo likichelewa kupita mara 1.66 ya muda wa kawaida, anarudi nyuma na kukagua tena kwa macho ya huruma zaidi: huenda lilipita nami nikalidharau. Walimpa mtihani wa rekodi 48 za nusu saa zilizokusanywa Boston na madaktari wa hospitali ya Beth Israel na wahandisi wa chuo cha MIT, zilizopigiwa alama pigo kwa pigo na wataalamu. Alikosea chini ya asilimia 1. Hadi leo wanafunzi wa uhandisi tiba bado hufundishwa mlinzi huyu.

Katika yote haya kuna neno linalopita kama halina neno: kelele, jina la kila wimbi usilolitafuta. Mwaka 1975 Bernard Widrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitaka kuusikia moyo wa mtoto tumboni. Elektrodi kwenye tumbo la mama hunasa mioyo miwili, na wa mama una nguvu mara kadhaa kuliko wa mtoto. Wakaweka elektrodi nyingine kifuani, ambako mama anasikika peke yake, wakaiachia kompyuta ijifunze, pigo baada ya pigo, namna ya kugeuza sauti ya kifuani ifanane na sehemu ya mama iliyoko tumboni, kisha iitoe. Kilichobaki ni mtoto. Moyo wa mama, ambao asubuhi hiyo daktari mwingine angeupima kwa heshima zote, hapo ulikuwa uchafu wa kutupwa. Kupepesa kope nako ni balaa kwa anayepima mawazo, kwa kuwa huleta wimbi linaloufunika ubongo. Kwa anayepima usingizi, macho yanavyotembea ndiyo habari yenyewe, maana humwonyesha ndoto zinapoanza. Hisabati inajua kutenganisha. Haijui ulikuwa unamtafuta nani.

Ndipo chujio linapoweza kudanganya. Mgonjwa anapopumua, mstari wa ECG hupanda na kushuka polepole, na mashine nyingi za chumba cha upasuaji huukata mwendo huo kwa kuondoa kila kilicho chini ya hezi 0.5. Mstari unanyooka na unapendeza. Lakini kipande kati ya S na T, ambacho kikiinuka humwambia daktari kwamba mshipa wa moyo umeziba, nacho ni cha polepole. Chujio hilo linaweza kukipinda, likaonyesha shambulio ambalo halipo au kulificha lililopo. Kwa ajili ya kugundua ugonjwa, miongozo ya kitabibu inataka chujio lianzie hezi 0.05. Nambari hiyo huchapwa kwa herufi ndogo chini ya karatasi, kando ya kasi na kipimo cha kimo. Tangu siku ile huwa naitafuta kwanza.

Fundi alifika baada ya nusu saa hivi, kijana mwenye bisibisi mfukoni. Hakuifungua mashine. Aliingia kwenye mipangilio, akashuka kurasa tatu, akacheka. "Hii imewekwa sitini." Umeme wa Marekani una hezi 60, mashine ilitoka kiwandani ikiwa tayari kwa kuta za huko, na kwa muda wote iliokaa hapa ilikuwa ikiondoa kwa bidii wimbi ambalo halikuwepo. Alibadilisha, akamrudishia nesi. Karatasi ya tatu ikatoka na mstari mwembamba, safi.

Daktari, mama mmoja wa makamo, aliiangalia chini kabla ya kuiangalia juu. "Chujio lizimwe," alisema, "na taa hiyo ya mezani ichomolewe. Mpimeni tena." Ikatoka ya nne, yenye manyoya haba, nayo ndiyo aliyoipigia rula na kuiandikia maelezo.

Shangazi alikuwa ameketi anafunga kanga yake, karatasi zote zimetandazwa kitandani. Alizitazama moja moja.

"Sasa mwanangu, moyo wangu mimi ni upi hapo?"

Daktari alimwonyesha ile yenye maandishi, akaiweka kwenye faili. Shangazi akaomba apewe ya kwanza, ile iliyopimwa akitetemeka. Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, na njia nzima hadi kituoni hakuniruhusu niishike.